Nzige dume na kromosomu 23: hujakosea kuhesabu

*"Habari, mtaalamu. Nasoma biolojia, mwaka wa pili. Kwenye mazoezi ya maabara tulipewa nzige wa jangwani madume, tukatoa korodani, tukazitia rangi ya orsini na kuzibana kwenye slaidi ili tuone meiosisi, yaani seli zikigawanyika mara mbili kutengeneza mbegu. Nimehesabu kromosomu kwenye seli nyingi na kila mara napata 23. Kitabu kinasema kromosomu huja jozi jozi, kwa hiyo nilitegemea namba shufwa. Tena seli changa zina doa moja jeusi pembeni mwa kiini, na kwenye seli zinazogawanyika kuna kromosomu moja inayokwenda upande mmoja peke yake, haina mwenzake. Msimamizi wa maabara anasema nimepoteza kromosomu moja wakati wa kubana slaidi, nirudie. Mwenzangu anasema nzige wale ni wagonjwa na nusu ya mbegu zao ni mbovu. Nirudie kazi yote au niandike nilichokiona? Na kama nilichokiona ni kweli, meiosisi ya kwenye vitabu ni ya nani?"*

Andika ulichokiona, na usibadilishe hata namba moja kwenye daftari lako. Nzige wa jangwani dume, *Schistocerca gregaria*, ana kromosomu 23. Jike ana 24. Umehesabu kilichomo. Na yale mambo matatu yaliyokutia wasiwasi, yaani namba witiri, doa jeusi na kromosomu inayotembea peke yake, chanzo chake ni kimoja. Umeiona kromosomu ileile katika nyakati tofauti za maisha yake. Inaitwa X.

Nianze na msimamizi wako, maana hoja yake si ya kupuuzwa. Kubana slaidi kweli hupoteza kromosomu. Ukigandamiza kwa nguvu mno seli hupasuka, kromosomu huelea, na mara nyingine ya seli hii huishia kwa jirani. Kila aliyewahi kufanya kazi hii analijua hilo. Lakini upotevu wa namna hiyo hauchagui. Seli moja itapoteza kromosomu kubwa, nyingine ndogo, nyingine itapoteza tatu kwa mpigo, na nyingine itaongezewa isiyo yake. Hesabu zako zingetawanyika: 24 hapa, 22 pale, mara 21, mara 25. Wewe umepata 23 kila mara, na kila mara inayokosa mwenza ni ileile. Kidole gumba hakiwezi kuifuata kromosomu moja katika kila seli na kuitoa hiyo tu. Uthabiti wa hesabu yako ndio ushahidi wako mkubwa, na ndio unaopaswa kumwonyesha msimamizi, kwa heshima, ukiwa na michoro na picha mkononi.

Katika nzige na panzi walio wengi, dume ana jozi kadhaa za kromosomu za kawaida, na juu ya hizo X moja tu. Hana Y kabisa. Kwa nzige wa jangwani jozi hizo ni 11, kwa hiyo 22 na moja ni 23. Jike ana jozi zilezile 11 na X mbili, jumla 24. Yai lililorutubishwa likawa na X mbili litakuwa jike. Likiwa na moja litakuwa dume. Vitabu vingi vya shule huchukua mfano wa binadamu, ambaye dume wake ana X na Y, na mwanafunzi hutoka darasani akiamini kwamba kila dume duniani lazima awe na Y. Kwa wadudu imani hiyo haifiki mbali.

Sasa lile doa jeusi. Mwanzoni mwa meiosisi kromosomu nyingine zote zimelegea zikawa nyuzi ndefu, nyembamba, zilizosokotana ndani ya kiini. X haijalegea. Imejikunja, imeshikamana, imejibanza kwenye ukingo wa kiini, na kwa kuwa DNA yake imesongamana mahali padogo, orsini huishika kwa nguvu. Wengi wakiiona mara ya kwanza hudhani ni nukleoli, lile doa la kawaida linaloonekana ndani ya kiini cha seli. Zipo njia mbili rahisi za kutofautisha. Kwanza, orsini huipaka nukleoli rangi hafifu tu. Pili, fuata seli za hatua zinazofuata: kadiri kromosomu zinavyofupika, nukleoli hufifia na kutoweka, lakini lile doa halitoweki, linarefuka kidogo, linapata umbo la kijiti, na mwishowe unagundua kwamba ni kromosomu kamili.

Kuna jambo hapa ambalo huwachanganya hata wenye uzoefu. Giza la X hubadilika kulingana na hatua ya seli. Katika seli ambazo bado zinazaliana na hazijaingia meiosisi, X mara nyingi hushika rangi hafifu kuliko nyingine. Katika profezi ya kwanza, hatua ya mwanzo ya mgawanyiko wa kwanza, inakuwa nyeusi kuliko zote. Ikifika metafezi ya kwanza, wakati jozi zinapojipanga katikati ya seli, kwa panzi wengi inarudi tena kuwa hafifu na ukingo wake unaonekana kama umevurugika. Kwa hiyo ukikuta seli ya metafezi ambamo vijiti vyote ni vyeusi isipokuwa kimoja kilichopauka, usidhani rangi haikuingia vizuri. Hiyo ndiyo X yako, imegeuka tu sura.

Kwa nini ijikunje hivyo? Kwa sababu imezimwa. Wakati jeni za kromosomu nyingine zinaendelea kunakiliwa kuwa RNA, X ya dume imenyamaza. Wanyama wengi hukifanyia hivyo kipande chochote cha kromosomu kisichopata mwenza katika meiosisi. Hata kwa mamalia, X na Y za dume hutengwa upande mmoja wa kiini na kunyamazishwa. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba DNA isiyo na mwenza iko hatarini, maana huu ndio wakati ambao seli hukata kromosomu zake yenyewe ili kubadilishana vipande. Kromosomu iliyojifunga hivyo haikatwi ovyo wala kuunganishwa na isiyohusiana nayo.

Hilo la kubadilishana vipande linatufikisha kwenye kiini cha swali lako. Umefundishwa kwamba kromosomu hupangana jozi ili jeni zichanganyike, watoto wasifanane. Ni kweli. Lakini jozi zina kazi nyingine isiyotajwa sana, na kwa seli yenyewe ni ya haraka zaidi: ni kwa njia ya jozi seli hupata kujua kama kila kromosomu imefungwa upande unaostahili.

Fikiria mchezo wa kuvuta kamba. Kamba hukazika pale tu timu mbili zinapovuta kuelekea pande mbili. Wote wakivuta upande mmoja, inalegea. Kromosomu mbili za jozi hushikiliwa pamoja na kiasma, pale zilipobadilishana vipande. Kisha nyuzi za mgawanyo hutoka kwenye ncha mbili za seli na kuzishika. Ikiwa kromosomu moja imeshikwa kutoka ncha hii na mwenzake kutoka ncha ile, kiasma huzizuia zisiachane, na mkazo hutokea. Mkazo huo huimarisha mshiko. Ikiwa zote mbili zimeshikwa kutoka ncha moja, hakuna mkazo, mshiko unabaki dhaifu, nyuzi huachia, na seli hujaribu upya hadi ipatie.

Haya hayakubuniwa mezani. Yalionekana kwa macho, ndani ya seli hai za korodani za panzi. Bruce Nicklas wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alitumia sindano ya kioo nyembamba mno kuingia ndani ya seli inayogawanyika, akaishika jozi ya kromosomu, akaibandua kwenye nyuzi zake na kuielekeza vibaya kwa makusudi. Jozi iliyoelekezwa vibaya haikudumu hivyo, seli iliirekebisha. Lakini katika kazi aliyoichapisha na Carol Koch mwaka 1969, alipoivuta jozi hiyo iliyokosewa kwa sindano, akaipa mkazo wa bandia, ilitulia palepale kwenye kosa lake. Seli iliona mkazo ikaridhika. Kwangu mimi hili ni miongoni mwa majaribio mazuri kuliko yote katika biolojia ya seli, na liliwezekana kwa sababu seli za panzi ni kubwa, kromosomu zake ni kubwa na chache, na zinaonekana bila hata kutiwa rangi. Mdudu uliyemshika maabara alitumika kufungua mlango huo.

Basi X, isiyo na mwenza, inapata wapi mkazo? Haipati. Ndiyo maana ukiwatazama panzi hai chini ya hadubini, katika spishi fulani utaiona X ikihama kutoka ncha moja kwenda nyingine, wakati mwingine zaidi ya mara moja, huku jozi zote zimetulia katikati. Mwishowe inabaki karibu na ncha mojawapo, nje ya mstari, na mgawanyiko unaanza. Hiyo ndiyo kromosomu uliyoiona "inakwenda peke yake". Haijachelewa wala haijapotea njia.

Inakwenda nzima pia, na hili ulitilie maanani. Kila kromosomu inapoingia meiosisi tayari imejinakili, kwa hiyo X ni kromatidi mbili zilizoshikamana. Katika mgawanyiko wa kwanza, sehemu za kushikia nyuzi za kromatidi hizo mbili hukaa bega kwa bega na kuelekea ncha moja. Gundi ya protini inayoziunganisha, kohesini, hukatwa kwenye mikono ya kromosomu ili viasma viachie, lakini iliyo karibu na sentromia, pale nyuzi zinaposhikia, hulindwa. Hulindwa hadi mgawanyiko wa pili, ndipo kromatidi za X zinapoachana kama za kromosomu nyingine yoyote. Matokeo yake ni kwamba mgawanyiko wa kwanza hutoa seli moja yenye kromosomu 12 na nyingine yenye 11, na mwisho wa yote seli mama moja hutoa mbegu mbili zenye X na mbili zisizo nayo.

Utauliza, kama seli inadai mkazo, mbona haiikatai X? Nzige ameizoea, mgawanyiko wake unaendelea hata X ikiwa haina mkazo. Si kila mdudu anayeivumilia hali hiyo. Katika baadhi ya vunjajungu, dume ana X mbili tofauti na Y moja, na zote tatu hushikana kundi moja. Ikitokea X moja ikachomoka, seli husimama. Inasubiri kwa saa nyingi, na mara nyingi hufa bila kugawanyika. Mwaka 1995 Xiantao Li na Nicklas waliivuta kwa sindano X iliyochomoka, wakaipa mkazo ule inaoukosa, na seli ikaendelea na mgawanyiko. Upweke uleule ambao kwa nzige ni desturi, kwa vunjajungu ni hatari ya kusimamisha kazi yote. Ndiyo maana siwezi kukubali hukumu ya "hii si ya kawaida" kabla ya kuuliza ni mdudu gani.

Nije kwa mwenzako anayesema nusu ya mbegu ni mbovu. Hapana. Mbegu yenye kromosomu 11 ina seti kamili ya kromosomu za kawaida, na yai inayokutana nalo daima lina X, kwa kuwa jike ana mbili na hutoa moja kwa kila yai. Mbegu isiyo na X ikirutubisha yai, matokeo ni dume wa kromosomu 23. Yenye X ikirutubisha, ni jike wa 24. Mbegu zote mbili zinaogelea, zote zinarutubisha. Kama zile za kromosomu 11 zingekuwa mbovu, nzige madume wasingezaliwa kamwe.

Na wewe si wa kwanza kusumbuliwa na kromosomu hii. Hermann Henking aliiona mwaka 1891 kwenye korodani za mdudu *Pyrrhocoris apterus*, akaona inakwenda kwenye nusu ya mbegu tu. Hakuwa na uhakika ni kitu gani, akaiandika X, na jina likabaki. Mwaka 1902 Clarence McClung, aliyefanya kazi na panzi huko Kansas, alitoa hoja ya kijasiri kwamba ndiyo inayoamua jinsia. Alikuwa sahihi kwa hilo, ila aliigeuza: alisema mbegu yenye X huzaa dume. Sababu yake inakuhusu moja kwa moja. Mwanafunzi wake Walter Sutton alihesabu kromosomu za panzi *Brachystola magna*, akapata 23 kwa dume, ambayo ni sahihi, lakini kwa jike akapata 22. Kwa hesabu hiyo, dume ndiye aliyekuwa na cha ziada. Hesabu ya jike ilikuwa na kasoro, ni 24. Mwaka 1905 Nettie Stevens, kwa kutumia mbawakawa wa unga *Tenebrio molitor*, na Edmund Wilson, kwa wadudu wa jamii ya kunguni, waliliweka jambo sawa. Stevens aliwahesabu wote wawili kwa uangalifu: jike alikuwa na kromosomu kubwa 20, dume 19 kubwa na moja ndogo, na mbegu zake zilikuwa za aina mbili. Ndipo ikajulikana kwamba kinachokuja na mbegu ya dume ndicho kinachoamua.

Eleanor Carothers naye, mwaka 1913, aliigeuza hiyo X pweke kuwa kifaa. Alipata panzi ambao jozi yao moja ilikuwa na kromosomu mbili zisizolingana ukubwa. Akauliza: kubwa huenda upande mmoja na X kila mara, au la? Katika seli 300 alizozitazama, ilikuwa karibu nusu kwa nusu. Kanuni ya Mendel ya mgawanyo huru, kwamba kila jozi hujigawa bila kufuata nyingine, ilionekana hapo kwa macho, kwenye kromosomu zenyewe. Bila kromosomu isiyo na mwenza asingekuwa na alama ya kupimia.

Sasa hilo swali lako la mwisho, meiosisi ya vitabuni ni ya nani. Ni mchoro wa lengo: kromosomu ziingie mara mbili, zitoke nusu. Njia za kufikia hapo ni nyingi, na wadudu wamezijaribu karibu zote.

Nzi wa matunda, *Drosophila melanogaster*, ambaye jenetiki nzima imemtegemea kwa zaidi ya karne, dume wake habadilishani vipande kabisa. Hana viasma. Jozi zake hushikiliwa kwa protini maalumu, na X na Y hukutana kwenye mfuatano mfupi unaojirudia ndani ya eneo la jeni za ribosomu. Kwa nondo wa hariri ni kinyume: dume ndiye anayebadilishana vipande, jike hapana. Kunguni na jamaa zake wana kromosomu zisizo na sentromia ya mahali pamoja. Nyuzi hushika urefu wake. Na katika wengi wao X na Y za dume hufanya mambo kwa mpangilio uliopinduliwa: katika mgawanyiko wa kwanza kila moja hupasuliwa kromatidi zake, kisha katika wa pili ndipo X na Y hugusana kwa muda mfupi na kuachana. Ukiisoma slaidi ya kunguni kwa kanuni za nzige utapotea mapema sana.

Nyuki dume hutoka kwenye yai lisilorutubishwa, ana kromosomu 16 tu, hana jozi hata moja. Angezigawa nusu, mbegu zingebaki na vipande visivyotosha kitu. Kwa hiyo mgawanyiko wake wa kwanza huanza kisha huachwa: seli hutoa kijipande cha saitoplazimu kisicho na kromosomu ndani yake. Wa pili hutenga kiini kimoja kidogo kinachotupwa. Seli mama moja, mbegu moja, badala ya nne. Na kwa kuwa hakuna kilichochanganywa, mbegu zote za dume mmoja ni nakala za urithi uleule, jambo linalowafanya wafanyakazi wenye baba mmoja kufanana kijenetiki kuliko ndugu wa kawaida.

Kisha yuko kijinzi cha ukungu *Bradysia coprophila*, ambacho zamani kiliitwa *Sciara*. Huyu ndiye huwa namtaja kwa mwanafunzi anayeniambia kwamba meiosisi ni bahati nasibu tupu. Katika mgawanyiko wa kwanza wa dume wake, nyuzi hutoka ncha moja tu. Kromosomu alizozipata kwa mama huelekea kwenye ncha hiyo. Alizozipata kwa baba hurudi kinyumenyume na kutupwa nje. Hakuna bahati nasibu hapo: seli inakumbuka ipi ilitoka kwa nani. Helen Crouse aliyeichunguza hali hii aliandika mwaka 1960 kwamba kromosomu zimetiwa chapa ya mzazi, na wazo hilo la chapa leo ni tawi zima la jenetiki, la wanadamu wakiwemo. Wadudu wa jamii ya vidung'ata nao wana mtindo wa kufanana: dume hubeba seti ya baba ikiwa imefungwa na kunyamazishwa tangu alipokuwa kiinitete, na mbegu zake hupitisha ya mama peke yake.

Ukiwatazama wote hao, nzige wako anaonekana wa kawaida sana. Jozi 11 zinafuata kitabu sawasawa, na kromosomu moja tu imejiwekea utaratibu wake.

Kuhusu kurudia kazi, ningekushauri usirudie ulichokwisha fanya bali uongeze viwili. Cha kwanza ni kutafuta kwenye slaidi zako seli za metafezi ya pili, yaani ya mgawanyiko wa pili, na kuhesabu kromosomu zake. Zikitokea aina mbili, za 11 na za 12, kwa wingi unaokaribiana, hoja ya kwamba ulipoteza kromosomu kwa kubana itakuwa imekufa, kwa sababu upotevu ungezipunguza zote ovyo. Hiki ndicho kipimo chenye nguvu kuliko vyote ulivyo navyo na hakihitaji mdudu mwingine. Cha pili ni kuhesabu kwa jike, ambako unatarajia 24. Ni kazi ngumu zaidi, maana ovari hazina seli zinazogawanyika kwa wingi kama korodani. Wengi hutumia vifuko vya utumbo wa kati baada ya kumdunga mdudu kolchisini, dawa inayosimamisha mgawanyiko wa seli. Kolchisini ni sumu kali hata kwa binadamu, hivyo usiiguse bila msimamizi kuwa pembeni yako. Kama muda hautoshi, kiache hiki ushike cha kwanza.

Kwa korodani, tunutu dume wa hatua ya mwisho au aliyekomaa juzijuzi ni bora kuliko dume mzee, ambaye korodani zake zimejaa mbegu zilizokwisha kukamilika. Mchanganyiko wa alkoholi sehemu tatu na asidi asetiki sehemu moja, uliochanganywa siku hiyohiyo, huhifadhi vizuri. Kirija cha korodani kina hatua zote kwa mpangilio: ncha ya juu seli changa, kadiri unavyoshuka ndivyo unavyokaribia mbegu. Kata vipande vifupi na ukumbuke kipi kilitoka wapi, la sivyo utatafuta metafezi ya pili mahali isipokuwepo na kudhani haipo. Vaa glavu na miwani. Asidi ikiruka jichoni osha kwa maji mengi papo hapo na uende hospitali bila kungoja kumaliza zoezi.

Kuna hali ambazo jibu langu la maandishi halitoshi, na itakubidi uipeleke slaidi kwa mtu wa sitojenetiki, yaani elimu ya kromosomu, akaitazame mwenyewe. Mojawapo ni ukikuta seli zenye madoa mawili meusi au hesabu ya 24 kwa dume. Baadhi ya panzi na nzige, *Locusta migratoria* akiwa mmoja wao, hubeba kromosomu za ziada zinazoitwa B, ambazo hazina ulazima kwa maisha ya mdudu, zinaweza kuwa nyeusi kama X, na idadi yake inaweza kutofautiana kati ya seli za mdudu mmoja. Nyingine ni ukikuta daraja linalounganisha ncha mbili wakati kromosomu zinaachana, au kromosomu nne zilizofungamana duara. Hizo ni dalili za kromosomu zilizogeuzwa au kubadilishana mikono, na kuzisoma kunahitaji jicho lililozoea. Slaidi za kubana hukauka na kuharibika kama hazijazibwa vizuri, kwa hiyo piga picha leo, kisha nenda.

Na kama hamkuthibitisha spishi, mtafute mtaalamu wa wadudu awatambulie kabla hujaandika ripoti. 23 si namba ya panzi wote. Madume wa jenasi ya *Chorthippus* wana 17, kwa sababu baadhi ya kromosomu zao ziliungana mbili mbili zamani. Panzi *Podisma pedestris* ana jamii yenye dume wa 23 na nyingine yenye dume wa 22, ambako X iliungana na kromosomu ya kawaida, na mwenzake aliyeachwa akawa Y mpya. Ukiandika jina la mdudu lisilo lake, hesabu sahihi kabisa itaonekana kosa.

Kwenye ripoti weka jedwali la seli zote ulizohesabu, pamoja na zile ambazo hazikukupa 23 kama zipo, ukieleza kwa nini unadhani zilipungua au kuzidi. Chini yake weka mchoro wa X katika profezi, metafezi ya kwanza na anafezi ya kwanza (kromosomu zinapoachana), kisha hesabu za metafezi ya pili. Msimamizi akiwa na shaka bado, mwombe aketi kwenye hadubini na ahesabu seli mbili tatu pamoja nawe.